Bidoni Mbili za Divai ya Heshima

Kwetu mlimani simu haishiki popote. Inashika juu ya jiwe moja nyuma ya kanisa, na hata pale lazima usimame ukiangalia upande wa Mulenge, usigeuke. Hapo ndipo nilipokuwa siku mjukuu wangu aliponipigia toka Uvira kunieleza kwamba amemaliza shule ya uuguzi. Upepo ulikuwa mkali. Nilisikia "Jumamosi." Nilisikia "plaji." Nilisikia "Koko, lazima ufike, kutakuwa vin d'honneur." Kisha simu ikakufa, nami nikapiga vigelegele peke yangu juu ya jiwe mpaka mbuzi wa katekista wakakimbia.

Shule nilisoma miaka mitatu tu. Kifaransa changu kinaishia bonjour. Kwa hiyo nilikwenda kwa katekista mwenyewe nikamuuliza hiyo "vendoneri" ni kitu gani. Akakunja uso kama anayesoma barua ya askofu, akasema: "Vin ni divai, mama. Honneur ni heshima. Kwa hiyo ni divai ya heshima."

Simlaumu. Kila neno alilolitafsiri lilikuwa sawa.

Sasa niambieni, divai ya heshima ya mtoto wangu ingetoka wapi? Mizabibu hatuna, tunaisikia kanisani tu. Divai yetu ni kasiksi, divai ya ndizi, na kwenye mlima wetu ukisema kasiksi umenitaja mimi. Siwezi kujifanya mnyenyekevu kwa jambo ambalo kila mtu analijua. Mtu akiwa na arusi ananitafuta kabla hajamtafuta padri. Na tena, mama wa mjukuu huyu, binti yangu, aliolewa Kalemie, kule kusini ya ziwa, na wakati ule alikuwa na mimba kubwa ambayo hakuna mashua ingekubali kuibeba. Familia yote ya huyo mtoto, kwa siku hiyo, ilikuwa mimi na viatu vyangu. Niliwatangazia watu wote, kisimani na shambani na mlangoni pa kanisa: mtoto wetu wa kwanza kuvaa nguo nyeupe ya hospitali atapewa heshima kwa divai ya mkono wangu.

Kasiksi ina siku zake, haimngojei mtu. Unafukia ndizi kwenye shimo lenye joto mpaka ziive, unazimenya, unazikamua na majani makali ndani ya mtumbwi mdogo wa mti, unapata mutobe, yale maji matamu ya ndizi. Unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika, unaacha. Siku ya kwanza bado ni kinywaji cha watoto. Siku ya pili inaanza kusema. Siku ya tatu inasema ukweli. Siku ya nne inatukana. Siku ya tano ni siki, mwaga. Mimi nilihesabu kwa vidole nikakamua Jumatano, ili Jumamosi iwe siku ya tatu. Nilijaza bidoni mbili, yale madumu ya plastiki ya njano, nikaziba midomo kwa jani la mgomba lililokunjwa ili zipumue, na Ijumaa asubuhi nikapanda piki.

Huyo mtu wa piki alikuwa kijana mzuri lakini mwenye usafi wa kupita kiasi. Aliona majani yale kwenye midomo ya bidoni zangu, akaona ni ushamba. Nilipokuwa najifunga kitenge kichwani, yeye akatoa majani, akakaza vifuniko kwa nguvu zake zote. Sikumwona. Tukashuka. Huko juu kwetu ni baridi, unavaa sweta hata mchana, lakini kila kona tunayoikata joto linapanda, na tulipofika kwenye tambarare ya Ruzizi, kwenye mashamba ya miwa, jua lilikuwa kama mtu amefungua tanuru. Nyuma yangu nikasikia kitu kinalia, nyiii, nyiii. Nikageuza shingo. Bidoni ilikuwa imevimba kama mwanamke wa miezi minane.

"Simama!" nikapiga kelele. "Simama, inazaa!"

"Nani anazaa, mama mukubwa?"

Kifuniko kiliruka, na kasiksi ikamrukia mgongoni, ikapanda shingoni, ikaingia ndani ya kofia yake ya piki. Tulifungua ile nyingine polepole, huku tumeiwekea kitambaa kama jipu. Tulipoteza labda vikombe vinne. Nilimtukana kutoka pale mpaka Kavimvira, na alistahili. Kwenye mzunguko wa kuingia mjini polisi wa barabara alitusimamisha, akavuta pua.

"Weye umelewa."

"Sijanywa hata kidogo, chef!"

"Ni kweli hajanywa," nikamwambia polisi. "Ameogeshwa." Polisi akacheka mpaka akasahau kutuomba makaratasi.

Mjukuu wangu alikuwa anangoja mlangoni kwa chumba chake, kule Mulongwe. Alinikumbatia, akaninusa, akaziona bidoni.

"Koko, hii iko nini?"

"Vendoneri yako."

Alinitazama. Nikamweleza, kwa majivuno yangu yote, jinsi katekista alivyonifafanulia. Akakaa chini kwenye ngazi, akaweka mikono usoni, mabega yakatetemeka. Nilidhani analia kwa furaha. Alikuwa anacheka.

"Koko wangu. Vin d'honneur si vin. Ni kusema tu. Watu wanakaa kwa viti, wanasema maneno, wanapata bia na sikre na karanga na nyama ya mishikaki. Basi."

"Divai hakuna?"

"Hakuna."

"Hata kidogo ya kuonyesha?"

"Hata kidogo."

"Kwa hiyo Wafaransa wanaita watu kwa divai halafu wanawapa karanga."

Alicheka tena. Lakini nilikuwa sijasikia yote. Director wa shule yao alikuwa amekwenda Bujumbura, angerudi Jumatatu, na bila yeye sherehe haiwezekani. Walikuwa wameisogeza. Alinipigia kunieleza mara tano, mimi nilikuwa nakamua ndizi, sikuwa juu ya jiwe.

Jumatatu. Nikahesabu vidole vyangu tena pale kwenye ngazi, ingawa jibu nililijua. Jumatatu ni siku ya tano.

Nikamwambia: basi tutaipigania. Akasema kwa sauti ndogo jambo ambalo liliniingia kama mwiba: "Koko, watakuja batu bakubwa. Daktari mukubwa wa hospitali atakuwapo. Kasiksi iko... ni ya kijijini. Ni ya kulima na ya matanga."

"Weye," nikamwambia, "mutobe yangu ulikunywa kabla hujaota jino hata moja. Hiyo miguu mirefu unayoipeleka hospitalini, unafikiri ilijengwa na karanga?"

Huyo mtoto hana kiburi, niseme ukweli, alikuwa anaogopa tu. Kazi yake hospitalini ilikuwa bado haijasainiwa na angekaa mbele ya wale ambao wangeisaini. Mwisho akasema: "Tufanye hivi. Kama Jumatatu asubuhi ingali nzuri, nitaiweka mezani minye mwenyewe, mbele yao. Ikiwa chungu, tunaimwaga, na huninunii."

Tukapeana mikono kama wanaume wa sokoni.

Jumamosi tulianza na ziwa. Hapa lazima niseme aibu yangu. Umri wangu wote nimelitazama ziwa hili kutoka juu, kama shuka ya bluu mtu ameanika kati yetu na Burundi, na Uvira nilikuwa nimeshuka mara nyingi, kwa soko, kwa hospitali, kwa karatasi za ofisini. Lakini sikuwahi kwenda kukaa tu mbele ya maji bila shida inayonipeleka. Mjukuu alinipeleka kwenye plaji, ufuko ule ule ambapo sherehe ingekuwa. Kulikuwa na vibanda vya nyasi, viti vya plastiki, muziki unaopigwa kwa sauti ya kuamsha wafu, na mchanga mwembamba kama mkeka, maana ziwa lilipanda miaka ya karibuni likala sehemu kubwa. Ndani ya maji ukuta wa nyumba ya mtu ulikuwa bado umesimama, na dirisha lake, na watoto walikuwa wanaogelea wakiingia dirishani na kutokea mlangoni kama wageni walioalikwa.

Nilivua viatu. Wimbi likaja likanishika miguu, likarudi, likaja. Sikujua kwamba linapumua. Kutoka juu huoni hilo. Nikaanza kucheka kama mjinga, na mjukuu akanipiga picha, na wimbi likachukua kiatu changu kimoja. Tulikimbizana nacho mpaka mwanamke mmoja mnene akakikamata kwa ufagio. Ndiye aliyekuwa mwenye plaji.

Wazo langu lilikuwa hili: kasiksi inazeeshwa na joto. Kwetu inalala kwenye baridi. Chumba cha mjukuu kina bati juu yake, mchana unaweza kuchoma muhogo humo. Lakini ziwa ni kubwa, maji mengi, lazima ni baridi. Kwa hiyo nilimwomba yule mwenye plaji ruhusa ya kuzamisha bidoni zangu pale kwenye ukuta, nimezifunga kwa kamba.

"Mama," akasema, huku ameshika kiuno, "hapa si frigo. Na viboko wanapita hapa jioni."

"Kiboko akinywa, nitajua kama ni nzuri."

"Akinywa akalewa, akaja kuvunja viti vyangu, nani analipa?"

"Atalipa yeye. Si ni mkubwa?"

Alinipenda hapo hapo, niliona. Akatupatia kamba yake mwenyewe. Tulizamisha bidoni, vichwa vikiwa nje na majani yake, na tukakaa kwenye kibanda siku nzima kama watu wenye mali. Tulikula mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma wenye pilipili ya kutoa machozi. Tulitazama watu wanavyojionyesha: wasichana wanaoingia majini na nywele za kununua wakiwa wameshika vichwa vyao juu kama wamebeba mtungi, wanaume wanaojifanya kuogelea huku miguu iko chini. Ng'ambo, Bujumbura ilikuwa karibu hivi kwamba mtu angeweza kumwita yule director kwa sauti, "Rudi, baba, kasiksi inazeeka!" Nilifikiri kufanya hivyo.

Alasiri niliingia majini kuigusa bidoni. Nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko, nikautoa, nikamtazama mwenye plaji.

"Mama, hili ziwa lenu ni chai."

"Minye sikuwahi kusema ni baridi."

Nikaonja bidoni ya kwanza kwa kidole. Ilikuwa inatukana tayari, siku moja kabla ya wakati wake. Ya pili, ile iliyompasukia mtu wa piki, ilikuwa na hali nzuri kidogo, labda kwa sababu ilipumua vizuri kwa mabavu. Nikakaa kwenye mchanga na kitenge kikiwa kimelowa. Mjukuu akaja akakaa karibu. Hakusema "si nilikuambia." Niliona amefarijika kidogo na ana huzuni kidogo, vyote pamoja usoni, na hilo lilinikasirisha kuliko siki.

Kuna dawa moja tu ya kasiksi inayozeeka: kuilisha. Unaipa mutobe mpya, mtamu, na ile kali inakula ile tamu, inarudi ujanani siku moja au mbili. Lakini mutobe lazima uwe wa siku hiyo hiyo, wa ndizi zenyewe za pombe, si hizi za kula. Niliposema hivyo kwa sauti, mwenye plaji akaacha kufagia. "Nyuma ya Kalundu," akasema, "ukipanda na mto, kuna mashamba ya ndizi. Kuna mama mmoja huko anakamua. Lakini ana mdomo."

"Hata minye niko nao."

Jumapili baada ya misa tulipanda piki mbili, kila mmoja na bidoni yake, na safari hii nilimwonyesha kila mtu wa piki jani la mgomba na nikamwambia nitakachomfanyia akiligusa. Tulipita Kalundu bandarini. Mashua kubwa zilikuwa zimeegemea kama ndama wanaonyonya, na wapagazi walikuwa wanashuka ubao mmoja mwembamba na magunia vichwani, wakiimba na kutukanana. Ndakala, vile visamaki vidogo, zilitandazwa kwenye nyavu kando ya barabara, zikimetameta. Nilidhani kwanza ni bati. Kisha barabara ikabanwa kati ya mlima na maji, tukashuka kwenye piki, tukapanda kwa miguu kando ya mto.

Na hapo, jamani, nilipumua. Migomba ilianza upande huu na upande ule mpaka hatukuona tena jua. Harufu ya ndizi zinazoivia shimoni ilitupokea kabla ya watu. Kwenye kila uwanja kulikuwa na mtumbwi wa kukamulia, na nyuki, na kuku waliolewa kidogo wakitembea upande. Nilimwambia mjukuu, hii ndiyo hospitali yangu.

Yule mama tulimkuta ameketi kwenye kigoda, mwembamba, mweusi kama chungu, umri wangu. Yeye ni Muvira, mimi ni Mufuliiru, lugha zetu ni dada, kila mmoja anaona ya mwenzake imepinda. Nilimsalimia vizuri. Nikamweleza taabu yangu. Hakusema pole. Alisema: "Fungua."

Akaonja ya kwanza. Akatema. "Hii imekufa. Usimlishe maiti."

Akaonja ya pili. Hakutema. Alifumba macho, akaisukuma na ulimi huku na huku, na mimi nilisimama pale mwanamke mzima na wajukuu tisa, kama mwanafunzi anayengoja alama zake.

"Hii ni ya juu," akasema mwisho. "Baridi iko ndani. Si mbaya."

"Si mbaya?"

"Mtama umekaangwa sana."

"Mtama wangu haujaungua hata siku moja!"

"Sikusema umeungua. Nilisema umekaangwa sana. Huko kwenu mnaota moto muda wote, hamjui kutoa chungu motoni."

"Na nyinyi huku mnakamua nini, maji ya kuoshea sahani?"

"Leta kikombe," akasema, akanimiminia yake. Nilitaka iwe mbaya. Nilimwomba Mungu iwe mbaya. Ilikuwa nyepesi, tamu, na mwishoni ikawa na kitu kama harufu ya moshi na majani mabichi, kitu ambacho kwangu sijawahi kukipata. Nikarudisha kikombe.

"Si mbaya," nikasema.

Tukacheka wote wawili mpaka akajishika mbavu. Mjukuu wangu alikuwa anatutazama kama wagonjwa wawili aliopangiwa zamu nao.

Ndizi zilizoiva zilikuwapo shimoni, lakini siku ile ya Jumapili wakamuaji wake walikuwa wamekwenda kwenye mpira. "Mimi mgongo umekataa," akasema yule mama. "Na weye umri wako naujua. Huyu hapa mrefu ana mikono." Alikuwa anamwonyesha mjukuu wangu, ambaye alikuwa amevaa nguo ya kanisani na kucha zilizopakwa rangi.

"Minye?" mjukuu akasema. "Minye ni muuguzi."

"Basi hizi ndizi ni wagonjwa," akasema yule mama. "Zihudumie."

Nilidhani atakataa. Alitazama bidoni. Alinitazama mimi, na sijui aliona nini usoni mwangu, maana nilijitahidi kutoonyesha. Akavua saa yake, akanipa. Akajifunga kitenge changu juu ya nguo, akapiga magoti mbele ya mtumbwi, akachukua lile rundo la majani makali, akaanza.

Kwa mwanzo alizigusa kama vidonda. Yule mama akamzomea: "Hiyo ni mikono ya sindano! Sukuma na mabega! Hujamkanda mtoto wa mtu bado!" Kisha akaanza kushika mwendo. Ndizi zikawa uji, uji ukawa kama povu, na halafu, kama inavyokuwa kila mara na kila mara mimi nashangaa, mutobe ukajitenga, ukatoka safi, rangi ya asali changa, ukajikusanya chini ya majani. Mikono yake ilikuwa na ndizi mpaka juu ya viwiko, nyuki wanamtembelea, jasho linadondoka puani. Alitia kidole, akalamba. Akafumba macho vile vile alivyofumba yule mama.

"Koko," akasema, "nilikuwa nimesahau."

Bidoni iliyokufa tuliacha. Yule mama aliimwaga kwenye miguu ya migomba yake, akisema angalau yenyewe hailaumu. Iliyo hai tukailisha polepole, kikombe kwa kikombe, tukiitikisa kidogo, tukiisikiliza. Ukitia sikio karibu unasikia inavyokula. Nilimwacha mjukuu asikilize na yeye akasema inasikika kama kifua cha mtoto mwenye mafua, na nikamwambia ndiyo, lakini huyu anapona.

Nilipotaka kushukuru yule mama alinikatiza. Alitaka kitu kimoja tu: niache kidogo ya mtama wangu uliokaangwa sana, ajaribu. Nilimpa wote nilioubeba mfukoni.

Jumatatu asubuhi niliamka kabla ya majogoo na sikuigusa bidoni. Mapatano yalikuwa mapatano. Nilikaa kitandani na mikono mapajani mpaka mjukuu akaamka, akaosha mdomo, akajimiminia kikombe kidogo, akaonja akiwa amesimama mlangoni. Nje mtu alikuwa anapiga honi. Niliona koo lake likishuka.

"Inasema ukweli," akasema.

Nililia. Sio sana.

Sherehe ilikuwa alasiri, pale kwenye plaji. Viti vilipangwa, vitambaa vyeupe vilitandazwa mezani, bia na sikre, zile soda tamu, zilikuwa kwenye beseni la barafu. Wahitimu walivaa nguo nyeupe, wote kumi na wawili, kama ndege wa ziwani wamejipanga. Director alikuwa amerudi toka ng'ambo, amechoka na tai. Daktari mkubwa alikuwapo, mwanaume wa kimo kifupi na sauti nene, na mkewe. Walisema maneno mengi kwa Kifaransa. Nilipiga makofi kila walipopiga. Kisha mjukuu wangu akasimama, akachukua jagi kubwa ambalo mwenye plaji alimkopesha, akalileta mbele, katikati ya meza ya wakubwa, likiwa limejaa kasiksi yangu na povu juu yake. Akapanga vikombe. Akamimina.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Sikushangaa. Watu hawa ni wa mjini lakini wamezaliwa na mama zao, na kwetu hakuna anayekunywa kinywaji cha nyumbani kabla aliyekitengeneza hajakinywa mwenyewe mbele ya wote, waone kwamba hakina ubaya. Daktari alikuwa anatazama vikombe kwa adabu. Director alikuwa anatazama bia. Nilianza kuinuka na kitenge changu, nikajua nikitembea pale mbele, mwanamke wa mlimani wa viatu vya plastiki, kila mtu atajua ni ya nani, na mtoto atabaki na aibu yake au hatabaki nayo, sikujua.

Mjukuu aliniona nikiinuka. Akatikisa kichwa. Akachukua kikombe cha daktari mwenyewe, hakuna mwingine, akageuka upande wa watu.

"Hii ni kasiksi ya Koko wangu, aliibeba toka milimani," akasema, kwa Kiswahili, sauti ikitetemeka mwanzo na kisha haitetemeki. "Na mutobe iko ndani nilikamua minye, na hii mikono." Aliinyoosha. Rangi ya kucha ilikuwa imetoka yote. Akanywa kikombe kizima bila kupumua, akakigeuza chini, tone moja likaanguka kwenye mchanga.

Daktari akacheka kwa ile sauti nene. "Basi nipe changu, umekinywa!" Akanywa. Akasema kitu kwa mkewe kwa Kifuliiru, kitu cha nyumbani kabisa, nami nikajua kwamba huyu bwana na tai yake alikuwa mtoto wa mlima wa pili kutoka kwangu. Baada ya hapo hakukuwa na adabu tena. Walisukumana. Mchungaji mmoja alikataa, akanywa sikre yake, namheshimu, lakini alilinusa jagi mara mbili alipodhani sitazami. Bia zilibaki kwenye beseni mpaka barafu ikawa maji. Mke wa daktari alikuja kukaa karibu nami akaniuliza nafanyaje, na nikamweleza karibu yote.

Bidoni ilipobaki na kidogo, daktari alikuja mwenyewe, amelegeza tai, akanyoosha kikombe.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Ya chini ni ya wenyewe."

Akainama kama mtoto aliyekatazwa, akarudi kwenye bia. Nilimwita mjukuu wangu. Tukageuza bidoni kichwa chini, tukakinga kikombe kimoja, tukapata ile nzito ya mwisho yenye machicha ya mtama, ambayo ndiyo nguvu yenyewe. Akanywa nusu, akanipa nusu. Wenzake wakaja mbio na simu, "Koko, cheka, cheka tupige picha," nasi tukacheka kwa nguvu, mimi na muuguzi wangu, meno yetu yote yakiwa ya kahawia.